E-kaderini hasi: je, saratani ya mama imeshasambaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Morogoro. Alichukuliwa kinyama kwenye titi la kushoto, na majibu yanasema ni saratani vamizi ya lobula, E-kaderini hasi, vipokezi vya homoni chanya. Kaka yangu amesoma kwamba E-kaderini ndiyo gundi ya seli, na saratani ikishaipoteza seli huachiana na kuenea mwili mzima. Shangazi naye anashikilia kwamba ni ile sindano ya kuchukulia kinyama iliyozitawanya. Nyumbani hakuna anayelala. Naomba kujua: hiyo hasi maana yake imeshasambaa? Kama seli hizi hazinati, zinawezaje kwenda kunata kwenye ini au mifupa? Na je, kuna dawa ya kuirudisha hiyo gundi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Swali la kwanza jibu lake ni hapana. Neno "hasi" mbele ya E-kaderini halisemi saratani imefika wapi. Linasema ni saratani ya aina gani: kwa mama, ya lobula, yaani vijumba vya titi vinavyotengeneza maziwa. Imefika wapi hujulikana kwa mambo mengine: ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za kwapani, na picha za kifua, ini na mifupa pale daktari anapoona zinahitajika. Mwanamke mwenye uvimbe wa sentimita moja ambao haujatoka kwenye titi anaweza kupewa jibu hilohilo la E-kaderini hasi, sawasawa na yule ambaye ugonjwa umeshafika kwenye mifupa.

Kazi yangu ni kusoma vinyama vya namna hiyo chini ya hadubini, kwa hiyo nikueleze tunachokiona tunapoandika neno hilo. Kinyama hukatwa vipande vyembamba sana, vikabandikwa kwenye kioo, kisha vikawekwa kingamwili ambayo hunasa E-kaderini tu na si kitu kingine. Baada ya hapo huongezwa kemikali inayotoa rangi ya kahawia palipo na kingamwili hiyo. Kwenye mfereji wa maziwa ulio mzima, kila seli huonekana imezungushiwa mstari wa kahawia mpakani mwake na jirani yake. Kwenye saratani ya kawaida ya mifereji, ambayo ndiyo wanayoipata wanawake wengi, mstari huo kwa kawaida bado upo, na seli zimejikusanya mafungu mafungu. Kwenye saratani ya lobula mstari haupo. Seli ni ndogo, za mviringo, zimetapakaa mojamoja, au zimefuatana msururu mmoja zikipenya katikati ya nyuzi za titi. Ukishaiona picha hiyo huisahau. Takriban saratani 9 kati ya 10 za lobula huwa hivyo, na ndiyo sababu tunatumia kipimo hiki kuthibitisha aina. Saratani za lobula zenyewe ni kama asilimia 10 hadi 15 ya saratani zote za titi.

Umbile hilo la kutapakaa lina athari moja ambayo ningependa mama aijue mapema. Kwa kuwa seli hazikusanyiki kuwa donge, uvimbe wa lobula mara nyingi haushikiki vizuri kwa mkono, na kwenye mamografia (picha ya eksirei ya titi) unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo, au usionekane kabisa. Kabla ya upasuaji, muulizeni daktari kama vipimo vilivyopo vinatosha kuonyesha ukubwa wake halisi, na kama MRI ya titi, yaani picha ya mashine ya sumaku, inaweza kupatikana.

Sasa hii E-kaderini yenyewe. Ni protini iliyopenya utando wa seli: sehemu yake moja iko nje, nyingine ndani. Ile ya nje hushikana na E-kaderini ya seli jirani, na kushikana huko hakufanyiki bila madini ya kalsiamu. Aliyetufungulia mlango huu ni Mjapani Masatoshi Takeichi, ambaye katika miaka ya 1970 na 1980 alionyesha kwamba ukiondoa kalsiamu, tishu huachiana ikawa seli mojamoja, na kwamba protini za jamii hii ndizo zinazohusika. (Msihangaike na vidonge vya kalsiamu kwa sababu ya maelezo haya. Mwili hulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu kwa ukali sana, na seli isiyo na E-kaderini haipati E-kaderini kwa kuongezewa kalsiamu.) Sehemu ya ndani hufungwa, kupitia protini ziitwazo katenini, kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Hapa ndipo wengi wanaposimulia nusu ya habari. E-kaderini haishiki tu. Pia hupeleka taarifa ndani ya seli: una jirani upande huu, usigawanyike ovyo, usihame.

Kaka yako hakubuni alichosoma. Mwaka 1944 Mmarekani Dale Coman alichukua seli za saratani, akazivuta mbilimbili kwa sindano ndogo mno chini ya hadubini, akapima nguvu inayohitajika kuzitenganisha. Seli za saratani ziliachiana kirahisi kuliko seli zisizo na saratani za aina ileile. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1998, kundi la Gerhard Christofori lilionyesha kwa panya wanaoota uvimbe wa kongosho kwamba kupotea kwa E-kaderini si dalili tu ya ugonjwa kukomaa, bali kunausukuma: uvimbe uliolazimishwa kubaki na E-kaderini ulikawia kwenye hatua isiyovamia, na ule ulionyang'anywa ulivamia mapema. Kwa miaka mingi basi ikawa inafundishwa hivi: saratani hupoteza mshiko, seli hubadilika umbo na kuwa za kuhamahama, kisha husambaa. Mabadiliko hayo yapo kweli. Kuna jeni kama Snail na Twist ambazo zikiwashwa huizima E-kaderini, na mahali pake seli huweka kaderini nyingine, N-kaderini, inayoziwezesha kutelezea katikati ya tishu zisizo zake.

Lakini habari haikuishia hapo. Kuvamia jirani ni jambo moja, na kuishi ugenini ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2019 kundi la Andrew Ewald katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins liliondoa E-kaderini kwenye saratani ya mifereji ya titi, kwa panya na kwa seli za binadamu. Seli zilivamia zaidi, kama ilivyotarajiwa. Ila zikafa zaidi, zikazaana kidogo, zikaonekana chache kwenye damu, na vichipukizi vya saratani kwenye mapafu vikapungua badala ya kuongezeka. Katika aina hiyo ya saratani, E-kaderini ilikuwa inazilinda seli zikiwa safarini. Miaka mitano kabla yake, watafiti wa Massachusetts General Hospital huko Boston walikuwa wamehesabu seli za saratani zinazoelea kwenye damu, wakakuta kwamba zile zinazosafiri zikiwa zimeshikana kikundi ni chache sana, lakini uwezo wake wa kuotesha saratani mpya kwa panya ni mara 23 hadi 50 kuliko inayosafiri peke yake. Kilichozishikanisha ni protini nyingine ya mshiko, plakoglobini. Ndiyo maana mimi sikubaliani na usemi kwamba saratani husambaa kwa sababu imepoteza gundi. Saratani nyingi za titi zinazofika kwenye mapafu na ini hufika zikiwa bado na E-kaderini yake.

Saratani ya lobula imefuata njia nyingine. Iliipoteza E-kaderini mapema, mara nyingi hata kabla ya kuwa vamizi, ikazoea kuishi bila hiyo kwa kutegemea ishara nyingine za ukuaji. Kwa wagonjwa matokeo yake ni haya: katika miaka ya mwanzo, ukilinganisha wagonjwa walio hatua ileile, haipishani sana na saratani ya kawaida ya mifereji. Hukua taratibu, na zaidi ya 9 kati ya 10 huwa na vipokezi vya homoni kama ya mama yako, jambo linalotupa dawa za kuikabili. Tofauti ni kwamba inaweza kurudi baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kliniki hazikomi mwaka wa tano kwa sababu mama anajisikia mzima.

Swali lako la pili limenifurahisha, kwa sababu ndilo hasa lililowahangaisha wanasayansi. Seli isiyonata inawezaje kunata kwenye mfupa? Ni kwamba E-kaderini ni molekuli moja tu kati ya nyingi, na kazi yake ni kushika seli ya jamii yake. Kuna jamii nyingine, integrini, ambazo hazishiki seli jirani bali hushika nyuzi na matandiko ambayo seli imekalia. Binadamu ana aina 24 za integrini. Seli nzima ya titi ikibanduka kwenye matandiko yake hujiua yenyewe. Jambo hilo lilielezwa vizuri mwaka 1994, na ni moja ya ulinzi mkubwa tulio nao dhidi ya saratani kuhama. Seli ya saratani inayofanikiwa ni ile iliyopata namna ya kutojiua, na ikabadilisha integrini zake ziendane na inakokwenda.

Fuatana nayo njiani. Kwanza hupenya ukuta wa mshipa wa damu au wa limfu. Humo ndani damu inakwenda kasi, na seli ya saratani si chembe ya damu. Haikuumbwa kustahimili kusukumwa hivyo. Ikibahatika kufika mahali pembamba, kuna molekuli ziitwazo selektini zilizoko kwenye ukuta wa mishipa na kwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kazi yake ya halali ni kuzipunguza kasi chembe nyeupe ili zitoke kwenda kwenye jeraha. Seli ya saratani huiba njia hiyo: juu ya utando wake huvaa sukari zilezile ambazo selektini hutafuta. Inashikwa, inaachiwa, inashikwa tena, ikibiringika kando ya ukuta kama konda anayeruka daladala haijasimama, ambaye miguu hukimbia hatua kadhaa kabla mwili haujatulia. Ikishapunguza mwendo ndipo integrini hushika kwa nguvu, na seli hujipenyeza nje ya mshipa. Kama umewahi kumsikia mgonjwa wa kongosho akipimwa damu kwa kipimo kiitwacho CA 19-9, kinachopimwa ni mojawapo ya sukari hizo. Na CEA, inayotumika kufuatilia saratani ya utumbo mpana, iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman kule Montreal. Baadaye ikabainika kuwa nayo ni molekuli ya kushikanisha seli.

Wengi wa wasafiri hawa hawafiki. Mwaka 1970 Isaiah Fidler aliwadunga panya seli za saratani ya ngozi zilizowekwa alama ya mionzi, akazifuatilia. Zilizofaulu kuota mahali pengine hazikufika asilimia 0.01. Namba hiyo naitaja kwa shangazi pia, tutamfikia.

Wala haziendi popote tu. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Ini lilikuwa limeshambuliwa kwa 241 kati yao, wengu kwa 17 tu, ingawa wengu nao hupata damu nyingi. Akaandika kwamba mbegu hupeperuka kila upande, ila huota tu kwenye udongo unaoifaa. Leo tunajua sehemu kubwa ya hicho alichokiita udongo ni mshiko. Mwaka 2015 kundi la David Lyden wa New York lilionyesha kwamba uvimbe hutanguliza vifuko vidogo mno, vimevaa integrini zake, kabla seli zenyewe hazijafika. Vyenye integrini za aina ya alfa-6 vilielekea kwenye mapafu. Vyenye alfa-v beta-5 vilielekea kwenye ini. Vikifika huandaa mahali.

Saratani ya lobula ina upendeleo wake pia. Huweza kwenda mifupani na kwenye ini kama nyingine, lakini zaidi ya nyingine huweza kwenda kwenye tumbo la chakula, utumbo, ovari na utando wa ndani wa tumbo, na huko nako hutandaa bila kufanya donge. Mama akija kulalamika miaka ijayo kwamba tumbo linajaa, anashiba kwa tonge mbili, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, msiridhike na dawa za vidonda vya tumbo pekee. Mwambieni daktari anayemwona, hata kama si wa saratani: aliwahi kuwa na saratani ya lobula. Nimeona vinyama vya tumbo ambavyo kwa haraka vilifanana na saratani ya tumbo yenyewe, mpaka historia ya titi ilipotajwa kwenye fomu.

Shangazi sasa, na nasema kwa heshima, kwa kuwa hofu yake ni ya watu wengi sana na inawaua wanawake wanaoikimbia sindano. Sindano inaweza kweli kuacha seli chache kwenye njia iliyopita. Lakini seli iliyoachwa pale haina tofauti na zile za Fidler: kutolewa mahali pake si kupata uwezo wa kuishi kwingine. Inahitaji kutojiua, kushika, kupenya, kukubaliwa na tishu ngeni, na kuikwepa kinga ya mwili. Kuota kwa saratani kwenye njia ya sindano ya titi ni jambo la nadra, na upasuaji, mionzi na dawa zinazofuata huzishughulikia seli kama hizo. Wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano hawaishi muda mfupi kuliko wasiochukuliwa. Kinachomponza mtu ni kuchukuliwa kinyama, kupata majibu, kisha kukaa miezi bila tiba. Ugonjwa unaendelea na mwendo wake, na lawama inaiangukia sindano.

Mpaka leo hakuna dawa inayorudisha E-kaderini kwa mgonjwa. Kwenye saratani ya lobula jeni yake, CDH1, mara nyingi imeharibika nakala moja na nyingine imepotea pamoja na kipande cha kromosomu ya 16, kwa hiyo hakuna swichi ya kuwasha. Kuna waliojaribu upande wa pili, kuzuia integrini ili seli isipate pa kushika. Dawa iliyobeba matumaini makubwa iliitwa cilengitide. Iliongezwa kwenye tiba ya kawaida katika jaribio la wagonjwa 545 wenye saratani ya ubongo, na majibu yaliyotoka mwaka 2014 yakaonyesha kwamba haikuwaongezea maisha. Dawa zinazozuia integrini zipo na zinatumika, ila kwa magonjwa mengine kama ya utumbo kuvimba bila saratani na ya mfumo wa fahamu, ambako kinachozuiwa ni chembe nyeupe zisitoke mishipani. Akitokea mtu kuwauzia mchanganyiko wa "kurudisha gundi ya seli", msitoe hata shilingi.

Silaha ya mama iko kwenye ule mstari mwingine wa majibu ambao hamkuujali: vipokezi vya homoni chanya. Saratani hii inakula estrojeni, homoni ya kike. Baada ya upasuaji, na mionzi ikihitajika, atapewa tibahomoni kwa miaka mitano au zaidi. Kwa wanawake waliokoma hedhi kuna tamoxifen, inayoizuia estrojeni isishike kwenye vipokezi, na kuna kundi la letrozole, linalozuia mwili kuitengeneza. Katika jaribio kubwa la BIG 1-98 letrozole ilionekana kuwafaa wenye lobula kuliko tamoxifen, na pengo hilo lilikuwa kubwa kwao kuliko kwa wenye saratani ya mifereji. Daktari wake ataangalia mifupa yake na maradhi mengine aliyonayo kabla ya kuchagua. Ninachowasihi ni kidonge kile kimezwe kila siku, mwaka wa nne kama mwezi wa kwanza. Maumivu ya viungo na joto la ghafla huwafanya wengi waache kimyakimya. Asiache, amwambie daktari, dawa inaweza kubadilishwa.

Kuhusu wewe na ndugu zako hukuuliza, ila najua litakuja. Kwa wagonjwa wengi sana wa lobula, kuharibika kwa CDH1 kumetokea ndani ya titi tu, hakukurithiwa. Familia chache huirithi. Ya kwanza kufahamika ilikuwa ya Wamaori wa New Zealand, ambao kwa miaka mingi walizika watu wao kwa saratani ya tumbo, zaidi ya 25, mmoja akiwa na miaka 14. Ni wao wenyewe walioutafuta ukweli, wakawafuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, na mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake, pamoja na familia hiyo, wakachapisha kwamba chanzo ni CDH1. Wanawake wanaorithi kasoro hiyo wana uwezekano wa kama asilimia 40 wa kupata saratani ya lobula maishani. Kwa hiyo ulizeni wazee: kuna aliyefariki kwa saratani ya tumbo akiwa bado kijana? Kuna mwingine aliyeugua titi kabla ya miaka 50, au matiti yote mawili? Jibu likiwa ndiyo, mwambieni daktari, maana hapo ushauri wa kinasaba una kazi. Likiwa hapana, wewe fanya uchunguzi wa titi kama binti yeyote ambaye mama yake ameugua.

Mkirudi kliniki, nendeni na karatasi yenye majibu yote na muulize haya: uvimbe una ukubwa gani, tezi za kwapani zimepimwa, HER2 (protini nyingine ya saratani ya titi inayosaidia kuchagua dawa) imesomekaje, upasuaji ni lini. Tarehe hiyo ya upasuaji msiondoke bila kuandikiwa.